Mchezo Usiokwisha



Katika Dominika hii ya tatu ya Kwaresima, Kanisa limetusomea Amri Kumi kutoka kitabu cha Kutoka, na katika Injili ya Yohane tumemwona Bwana wetu akisokota kamba na kuwatoa wafanyabiashara hekaluni. Huenda mnatazamia nizungumze juu ya wizi, au uzinzi, au juu ya wale wanaotandaza bidhaa zao mlangoni mwa kanisa kabla Misa haijaisha. Leo nitazungumza juu ya michezo. Naam, michezo, na hasa ile inayochezwa katika simu za mkononi, ambayo watoto wetu huiita gemu, na ambayo watu wazima wengi nao huicheza kimyakimya ndani ya daladala au, Mungu atusamehe, kwenye benchi la nyuma wakati padre anahubiri.

Kabla sijaendelea niseme wazi kwamba sikuja kumlaani mtu. Wako wahubiri ambao kila chombo kipya kikiingia nchini wao humwona shetani amekaa juu yake. Sinema ilisemwa hivyo, na televisheni ilipoenea Tanzania Bara katika miaka ya 1990 nayo ikasemwa, kisha wasemaji wenyewe wakaonekana wakitazama taarifa ya habari. Kucheza si dhambi. Mtoto asiyecheza humpeleka mama yake hospitali usiku kwa wasiwasi. Nabii Zekaria, alipotaka kutuonyesha Yerusalemu utakavyokuwa siku Mungu atakapoirudia mji wake, alituchorea wazee waliokaa njiani na mikongojo yao mikononi, na karibu nao wavulana na wasichana wanaocheza. Basi michezo ina nafasi yake hata katika ahadi za Mungu.

Lakini mchezo ni nini? Sitaitafuta maana yake katika vitabu vya falsafa, nitawapeleka barazani. Pale lipo bao lenye mashimo 32 na kete 64, na wazee wawili wameliinamia. Mwalimu Nyerere aliupenda mchezo huu, na wengi wenu mmeziona picha zake akiucheza. Bao laweza kuchukua muda mrefu. Kuna kunamua, kuna mtaji, kuna ubishi juu ya kete iliyoangukia shimo lisilo lake, na kuna watazamaji ambao kila mmoja anajiona bingwa kuliko wachezaji wenyewe. Walakini lina mwisho. Safu ya mbele ya mmoja ikibaki tupu, au akikosa namna ya kucheza, ameshindwa, wala hakuna wa kumtetea. Anainuka, anampisha mwenzake. Au magharibi inaingia, kete hazionekani vizuri, na kila mmoja anarudi kwake kula na wanawe. Ushindi wa bao haumfuati mtu kitandani, isipokuwa kwa majigambo kidogo mbele ya mkewe, ambaye hana habari nayo.

Hata gemu zenyewe zilipoingia mitaani kwetu zilikuwa na mwisho wake. Mnavijua vile vibanda: televisheni moja, mashine moja, vishikio viwili vya kuchezea, na dirisha limezibwa kwa khanga ili jua lisiharibu picha. Mtoto analipa sarafu zake, anacheza mechi moja ya mpira, akifungwa anatoka. Nyuma yake wamesimama wenzake sita au saba, nao wanamhesabia dakika kwa sauti kubwa. Sivisifu vibanda hivi kwa kila jambo, kwa maana watoro wa shule huvijua kuliko wanavyomjua mwalimu mkuu. Nasema tu kwamba mle ndani mna foleni, na foleni ile ni mlezi mkali. Mwenye kibanda naye ni binadamu. Saa ikifika hufunga mlango akaenda kulala. Simu iliyo chini ya shuka saa nane za usiku haina foleni nyuma yake, na mwenye kibanda chake halali.

Nitoe mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1984, huko Moscow, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Alexey Pajitnov alibuni mchezo wa Tetris. Vipande vya maumbo mbalimbali hushuka kutoka juu, na mchezaji huvipanga kama mwashi apangavyo matofali. Mstari ukijaa bila mwanya hufutika. Vipande vikirundikana hadi juu, mchezo umekwisha. Toleo lake lililotengenezwa na kampuni ya Nintendo likatoka mwaka 1989, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hakuna binadamu awezaye kuufikia ukomo wake. Mwisho uliojulikana ulikuwa mmoja tu, yaani kushindwa. Mwezi wa Desemba 2023, mvulana wa miaka 13 katika jimbo la Oklahoma, Marekani, aliucheza kwa karibu dakika 40, akafika ngazi ya 157, na mashine ikaganda. Haikuwa na kipande kingine cha kumpa. Walioutazama mkanda ule walimwona kijana akijitupa nyuma ya kiti chake, pumzi zikimwenda mbio, amejawa na furaha asijue la kusema. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Nami niliposoma nilijiuliza: kwa nini watu wengi hivi, wengine hawajawahi kuucheza mchezo huo, wamefurahi pamoja naye? Nadhani ni kwa sababu kijana yule alipata kitu ambacho wachezaji wengi wa siku hizi hawakipati. Alimaliza.

Ndugu zangu, mwisho haukupotea wenyewe. Uliondolewa. Zamani mtu aliyesoma kurasa za intaneti alifika chini ya ukurasa akakuta mahali pa kubonyeza ili aone ukurasa unaofuata. Ilikuwa nukta ndogo, lakini ilikuwa nukta. Pale mtu aliweza kujiuliza, je, niendelee au nikapike? Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kuifanya kurasa ijiongeze yenyewe kadiri kidole kinavyoteremka, isifike chini kamwe. Nia yake haikuwa mbaya, alitaka kumpunguzia msomaji usumbufu. Miaka baadaye alisema hadharani kwamba anaijutia kazi hiyo. Leo karibu kila kitu tunachokitazama katika simu kimejengwa namna hiyo: video moja ikiisha nyingine imeshaanza, na mtu aliyekuja kuangalia saa anajikuta amekaa hadi wali umeungua.

Tena kuna siri nyingine, nayo ni ya kale kuliko simu. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Akagundua kwamba njiwa anayepewa punje kwa hesabu isiyotabirika, mara baada ya madonoo machache, mara baada ya mengi, hudonoa kwa bidii isiyopoa kuliko yule anayejua hakika punje itakuja lini. Kutokujua ndiko kunakomshika. Mashine za kamari zinaijua siri hiyo. Gemu nyingi za simu zinaijua pia: kuna kisanduku cha zawadi, nawe hujui kama kina upanga wa dhahabu au vumbi. Vijana wetu wanaobeti mpira, ambao mkeka wao huchanika kila Jumamosi kwa timu moja tu, nao wanadonoa kitufe kile kile.

Natamani kukaa kidogo hapa kwenye suala la fedha, kwa sababu hapa ndipo nilipoyaona machozi. Gemu nyingi za simu hutolewa bure. Bure! Na sisi tunafurahi, tukidhani kampuni iliyo ng'ambo ya bahari imetupenda. Ukweli ni kwamba wachezaji wengi hawalipi kitu, bali wapo wachache wanaolipa sana, na fedha nyingi hutoka kwa hao wachache. Mchezo mzima umepangwa ili wapatikane. Mwanzo ngazi ni rahisi. Kisha zinakuwa ngumu, mchezaji anaambiwa asubiri saa kadhaa ndipo aendelee, au anunue almasi asisubiri. Almasi hizo hazipo mahali popote, hazivaliki wala haziuzwi sokoni.

Mama mmoja mjane katika parokia niliyohudumu, muuza vitumbua, alikuwa anaweka ada ya mwanawe katika simu yake, shilingi elfu mbili, elfu tatu, kila jioni. Kijana alikuwa kidato cha pili, mwenye akili na adabu, mtumishi wa altareni. Namba ya siri aliijua kwa sababu ndiye aliyemsomea mama ujumbe wa simu. Hakuiba siku moja. Alichukua kidogo kidogo kwa muda wa muhula mzima, akinunua almasi. Siku ya kulipa ada mama alikwenda kwa wakala, akarudi akiwa ameshika simu kama mtu aliyeshika kitu kilichokufa. Walipokuja kwangu wote wawili, nilimwuliza kijana kwa nini hakuacha. Hakujitetea. Alinieleza tu kwamba kila siku alidhani kesho atafika mahali pa kuachia, na mahali hapo hapakutokea. Nimesikia maungamo mengi, lakini maneno ya kijana yule, aliyoyasema nje ya kiti cha maungamo na ambayo mama yake ameniruhusu kuyataja, yalinifanya nisilale.

Wakubwa wa dunia nao wameliona tatizo. Mwezi wa Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili wanazozitaja ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ingawa anaona madhara. Na kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa muda wa miezi 12. Basi mzazi asikimbilie kusema mwanawe ni mgonjwa kwa sababu alicheza Jumamosi nzima ya mvua. Serikali ya Korea Kusini mwaka 2011 ilipiga marufuku watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kati ya saa sita za usiku na saa kumi na mbili asubuhi; miaka kumi baadaye ikaamua kuifuta sheria hiyo. China mwaka 2021 iliamuru walio chini ya miaka 18 wacheze saa moja tu, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siwezi kuwacheka. Walakini sheria ya serikali huweza kufunga mlango. Haiwezi kumpa mtoto mtu wa kuzungumza naye upande wa pili wa mlango.

Sasa turudi kwenye somo letu. Amri zile zilitolewa kwa akina nani? Kwa watu waliotoka Misri juzi tu. Na Misri walifanya kazi gani? Walifyatua matofali. Kitabu hicho hicho cha Kutoka kinatusimulia kwamba Farao aliwanyima majani ya kuchanganyia udongo, akawataka wakayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Jioni haikuwa na maana kwao. Ukimaliza ya leo, ya kesho yanakungoja, ukipungukiwa, unachapwa. Watu waliotoka katika maisha ya namna hiyo ndio Mungu aliowaambia kwamba siku ya saba hakuna kazi. Na hakuwaambia wao peke yao. Amri inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mgeni aliye malangoni, hata mnyama wa kufugwa. Punda naye alipata siku yake! Na sababu inayotolewa ni ya ajabu: Mungu mwenyewe, ambaye hachoki, alizifanya mbingu na nchi, kisha akaacha. Angeweza kuendelea kuumba milele. Alisimama, akaitakasa siku ile ya kusimama.

Nawaomba wazazi mchukue simu ya mtoto leo na kumwomba, kwa upole, awaonyeshe gemu anayoipenda. Msishangae mkikuta kwamba ina kazi za kila siku. Ingia leo upate zawadi. Ingia siku saba mfululizo upate kubwa zaidi. Ukikosa siku moja, mfululizo umekatika, unaanza upya. Timu yako inakungoja, usiwaangushe. Mimi nilipoonyeshwa mambo hayo na vijana wa parokia nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Ni hesabu ya matofali. Mtoto anadhani anacheza, kumbe amewekewa msimamizi, na msimamizi huyo hajui Dominika wala mtihani wala msiba. Kitu kilichoitwa mchezo kimechukua sura ya kazi ya Misri, isipokuwa kwamba Waisraeli walijua wanateseka na wakalia kwa Mungu.

Ndiyo maana naiona Injili ya leo ikienda pamoja na somo hilo. Wale waliouza ng'ombe na kondoo na njiwa, na wale waliovunja fedha, hawakuwa wanauza bangi. Waliuza vitu vilivyohitajiwa kwa sadaka. Kilichomchoma Bwana moyo ni kwamba soko liliingia mahali ambapo lisingepaswa kuwapo. Ipo nyumba ya soko, na ipo nyumba ya Baba. Nami nasema usingizi wa mtoto, na mchezo wake, na meza ya chakula cha jioni, ni nyua za hekalu. Tumewaruhusu wavunja fedha waweke meza zao hapo, tena bila kelele za ng'ombe za kututahadharisha.

Na sisi watu wazima tusijifiche nyuma ya watoto. Nani aliye na kikundi cha ujumbe cha harusi, cha ukoo, cha jumuiya, cha wana kijiji walioko mjini, naye hajafungua simu yake mezani wakati mwanawe anamsimulia habari za shule? Nimekwenda kumpaka mafuta mgonjwa, nikakuta watu wanne wameketi kuzunguka kitanda chake, na nyuso zao zote nne zimemulikwa na vioo. Walikuwa wamekuja kumwona. Mgonjwa alikuwa akitazama dari. Sikusema kitu siku ile, niliomba tu tuanze sala, na simu zikateremka moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya mzee wa kanisa.

Mtaniuliza, Padre, tufanye nini, tuzivunje? Hapana. Simu hiyo hiyo ndiyo inayomletea bibi yako kijijini fedha za dawa, na ndiyo iliyomwezesha mama wa vitumbua kuweka akiba bila kuibiwa na vibaka. Naomba mambo machache tu ya nyumbani. Kabla ya kumruhusu mtoto gemu yoyote, mwulize swali moja: mchezo huu unakwisha lini? Akiweza kukujibu, ngazi ikiisha, mechi ikiisha, mwache acheze na mpe muda wa kumaliza. Usimnyang'anye katikati, kwa maana wewe mwenyewe usingekubali bao lipinduliwe ukiwa na mtaji mzuri. Akikwambia haukwishi, basi mwisho uwekeni ninyi wawili. Simu zote za nyumba, ya baba ikiwamo, zilale mahali pamoja usiku, kikapu kinatosha. Namba ya siri ya fedha iwe siri kweli. Na bao, karata na drafti zitolewe uvunguni, tena mzazi akubali kufungwa na mwanawe mbele ya majirani.

Yule kijana hakufukuzwa altareni. Jumuiya ilimchangia mama sehemu ya ada ili mtoto asikose shule, na sehemu iliyobaki mama mwenyewe alikataa kusaidiwa. Alisema mwanawe ataifanyia kazi. Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja alfajiri kijana alikuwa jikoni akipiga mchele uliolowekwa na kupanga moto, kisha anakwenda shule ananukia iliki. Kila Jumamosi walihesabu pamoja kiasi kilichobaki, wakakiandika kwa mkaa nyuma ya mlango. Nilipita kuwasalimu siku deni lilipoisha. Mama alikuwa ameufuta ukuta wa mlango kwa kitambaa kibichi, na kijana alikuwa amelala usingizi mchana kweupe, mdomo wazi, mikono imetapakaa unga, na hakuna aliyetaka kumwamsha.

Fundi mitambo ananionyesha saa kupitia kioo, dakika zangu zimekwisha. Nawatakieni Dominika njema, ninyi na wote waliomo nyumbani mwenu. Tumsifu Yesu Kristo.